Shokapu ya Kushoto

Ripoti ya mtaalamu ilikuwa na kurasa kumi na nne, na Ravdna Buljo, polisi wa kijiji, alizisoma zote akiwa amesimama, maana kila alipojaribu kukaa alitamani kuitupa. Mtaalamu huyo alikuja kwa ndege kutoka kusini siku ya Jumatatu, akajifungia na pikipiki ya theluji ya mzee Issát Gaino ndani ya gereji ya kituo, akaipiga picha sitini, akarudi zake kwa ndege ya jioni. Ukiondoa maneno makubwa, aliyoandika yalikuwa haya: shokapu zote mbili za mbele zilibadilishwa wiki moja kabla ya ajali. Zile mpya zilikuwa nzuri, za gesi, zenye springi ya kukaza na kulegeza kwa nati kubwa ya mviringo. Lakini springi ya kushoto ilikuwa imekazwa mizunguko minne zaidi ya ile ya kulia. Pikipiki ya namna hiyo, aliandika, huvuta upande mmoja, na fundi yeyote mwenye akili timamu anajua. Kwa hiyo ilikuwa hujuma.

Fundi mwenyewe alikuwa Heaika Skum, mpwa wa mzee Issát. Leo ilikuwa siku yake ya tatu mahabusu.

Saa nne kasorobo asubuhi Kvamme alipiga simu kutoka mjini. Alikuwa mkubwa wake Ravdna, mtu wa haki kwa kiasi chake, lakini hajawahi kuswaga mnyama yeyote maishani zaidi ya paka. Alitaka jalada likamilike kabla ya saa tisa mchana, gari lije limchukue Heaika limpeleke mahakamani, ambako angewekwa ndani wiki nne upelelezi uendelee. Ravdna akamweleza, kwa mara ya tatu wiki hiyo, kwamba katika wiki nne mto hautakuwa na barafu. Kulungu wa nchi za theluji ambao Heaika na mjomba wake wanafuga walikuwa bado ng'ambo ya malisho ya majira ya baridi, majike wote wana mimba, na lazima wavuke juu ya barafu wiki hii wakazalie upande wa bahari. Barafu ikishaachia, watajitosa wenyewe majini, maana jike akitaka kwenda kuzaa hazuiliki. Na watu wawili wanaoijua njia ya kuvukia, mmoja alikuwa amelazwa zahanati na nyonga iliyovunjika, wa pili yuko nyuma ya mlango wa chuma.

Kvamme akasema kulungu wanaweza kusubiri kidogo.

"Waambie wewe," Ravdna akajibu.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kesi yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Kwenye mkutano wa wafugaji mwezi Machi, Heaika alisimama mbele ya kila mtu akamwambia mjomba wake kwamba mwaka huu asiongoze kuvuka. Watu waliguna. Mzee alikuwa ameongoza miaka thelathini na moja. Akaulizwa sababu, Heaika akakaa chini na kufunga mdomo. Wiki mbili baadaye akamfungia mjomba shokapu mpya, na wiki iliyofuata mjomba akakutwa kando ya mto, amelala peke yake ubavuni mwa pikipiki iliyopinduka. Alipoulizwa nani alifunga zile shokapu, mzee alisema, "Heaika," akageukia ukuta. Tangu hapo hajasema neno jingine kwa polisi.

Ravdna akachukua pimamaji kwenye kabati la vifaa na kwenda gereji.

Pikipiki ilikuwa juu ya sakafu ya saruji, safi kuliko ilivyowahi kuwa, kioo cha mbele kimepasuka na ski ya kulia imepinda. Akachuchumaa mbele ya shokapu. Kazi ilikuwa ya Heaika kweli, ungeijua hata bila kuambiwa: bolti zimepakwa grisi, zimeingizwa vichwa vikitazama mbele, hakuna alama hata moja ya spana iliyoteleza. Akahesabu nyuzi za skrubu juu ya nati ya springi ya kushoto, kisha ya kulia. Tofauti ilikuwa mizunguko minne. Hapo mtaalamu hakukosea. Lakini juu ya kila nati kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya njano, uliopita kwenye nati na kuendelea kwenye nyuzi, na kuhusu huo mtaalamu aliandika tu kwamba ni "rangi".

Ravdna aliujua mstari huo, kwa sababu pikipiki yake mwenyewe ilikuwa nao. Heaika hakazi springi kwa kukisia. Anakufungia, anakutuma uizungushe nyuma ya gereji mpaka kwenye mti uliokauka, unarudi unamwambia inavuta wapi, anakaza, unatoka tena. Siku utakayosema sasa iko sawa ndipo anapopaka rangi, ili nati ikilegea ionekane. Mtu anayetega ajali hapigi muhuri kwenye mtego wake.

Akaweka pimamaji juu ya bampa ya mbele na kupanda. Hakuna mfugaji wa huku anayefuata kundi akiwa amekaa kitini kama yuko kanisani. Unaweka goti la kulia juu ya kiti, mguu wa kushoto kwenye ubao wa kukanyagia, unasimama nje ya mashine ili uone mbali na uweze kulala nayo kwenye kona. Uzito wote unakwenda kushoto. Springi zikiwa sawa, pua inazama upande huo na kufika jioni mkono umekufa ganzi kwa kupigana na usukani. Ravdna akasimama hivyo, akachungulia pimamaji. Kiputo cha hewa kilikuwa katikati kabisa. Akahamia upande wa kulia, pua ikainama na kiputo kikakimbilia pembeni.

Kurasa kumi na nne, na mwenye kuziandika aliipima mashine ikiwa haina mtu juu yake. Ravdna alicheka peke yake mle gereji, kicheko kisicho na furaha hata kidogo, akampigia Kvamme.

Kvamme alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mzee mwenyewe aliomba ikazwe hivyo?"

"Ndiyo."

"Amesema?"

"Hajasema."

"Fundi amesema?"

"Bado."

"Nipatie mmoja wao aseme. Sentensi moja inatosha. Bila hiyo gari linakuja saa tisa."

Hapo alikuwa na haki, na hilo nalo lilimuudhi.

Heaika alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mikubwa katikati ya magoti, ndevu za siku tatu. Walisoma darasa moja yeye na Ravdna, na hata wakati ule mwalimu alihitaji nusu saa kumtoa neno. Ravdna akamweleza aliyoyaona gereji, pamoja na rangi ya njano. Akamwambia anachotaka ni kitu kidogo tu: nani aliijaribu pikipiki kabla rangi haijapakwa.

"Nilifunga nilivyoambiwa," Heaika akasema.

"Na nani?"

"Na aliyeileta."

"Aliyeileta ana jina?"

Heaika akatazama dirisha. "Barafu ikoje?"

"Maji yameanza kukaa juu, pale upande wa chini."

"Siku ngapi?"

"Tatu. Nne baridi ikirudi. Heaika, nitajie jina uende ukawavushe. Hata viatu vyako nimevileta, viko pale nje."

Heaika akafunika uso kwa viganja. Ravdna alisubiri, akijua kabisa kwamba anafikiria majike wake mmoja mmoja, kwa rangi zao. Alipoondoa mikono alisema, kwa upole uliomfanya Ravdna atake kupiga teke kitanda, "Andika unachotaka kuandika."

"Unataka kufungwa?"

"Sitaki."

"Basi sema."

"Siwezi, Ravdna. Usinilazimishe, tafadhali."

Ravdna akatoka nje na kufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nyumba ya mzee Issát ilikuwa dakika ishirini kwa pikipiki. Mzee alikuwa amefiwa na mke, akiishi na binti yake Sunna, mwanamke wa miaka thelathini anayechunga naye tangu alipomaliza shule. Sunna alimkaribisha kwa kahawa na nyama kavu, na Ravdna, ambaye njiani alipitia kwa majirani wasiojua lolote na kunyweshwa vikombe saba vya kahawa, akapokea cha nane. Huwezi kuuliza kitu kabla ya kikombe cha pili. Alikaa akitazama nje dirishani, saa ya ukutani ikimla.

Ukutani kwa nje ilikuwa imeegeshwa pikipiki ya zamani ya mzee, shokapu zake zimevuja mafuta mpaka theluji chini ikawa nyeusi. Jua lilikuwa linaimulika kwa upande. Raba ya ubao wa kushoto ilikuwa nzima, meno yake yote yapo kama siku ilipotoka dukani. Ya kulia ilikuwa imeliwa mpaka bati likang'aa.

Ravdna akaweka kikombe chini. "Baba yako anasimama upande gani?"

"Kulia," Sunna akasema, kisha ikawa wazi anatamani angelirudisha neno hilo. Lakini lilikuwa jambo la kila mtu kujua, kama ungefikiria kuuliza. Miaka mingi nyuma dume la kulungu alilolitia kamba lilimzungushia ile kamba kwenye goti la kushoto, na tangu hapo goti halimbebi.

 Asubuhi yote Ravdna alikuwa amejenga utetezi, na sasa utetezi wenyewe ulikuwa unamfunga mtu. Kwa anayesimama kulia, kukaza kushoto mizunguko minne ni kumpindua. Mtaalamu alikuwa sahihi kwa sababu zisizo sahihi. Na Heaika, anayemjua mjomba wake tangu utotoni, asingeweza kusema hakujua goti lipi ni bovu. Kvamme akisikia hili hatangoja hata hiyo saa tisa.

Ila rangi ya njano ilibaki pale pale. Mtu alizungusha ile pikipiki mpaka kwenye mti uliokauka, akarudi akasema sasa iko sawa, na mtu huyo hakuwa Issát.

Aliomba samahani akatoka nje. Nyuma ya banda la kuni ilikuwepo pikipiki ya Sunna. Akapiga magoti kwenye theluji, akafuta barafu kwenye springi kwa kidole gumba, akahesabu. Kushoto ilizidi kulia kwa mizunguko minne. Mstari wa njano ulikuwepo. Yeye Ravdna hukaza mitatu, na marehemu baba yake alikaza mitatu. Watu wa minne ni wachache.

Aliporudi ndani Sunna alikuwa amesimama katikati ya jikoni, birika mkononi, na alilishika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukupanda juu ya kifua.

"Ulikuwa unaendesha wewe," Ravdna akasema.

"Muulize baba."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakwambia muulize baba, dada Ravdna. Nimemwahidi."

Ravdna akavuta kiti, akakaa, akamwambia yote bila kupunguza: gari la saa tisa, wiki nne, maji juu ya barafu. Sunna hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, na akiwa amekasirika hivyo akaeleza. Macho ya mzee yalianza kuingia ukungu majira ya baridi mawili yaliyopita. Sasa haoni tofauti ya theluji na anga. Hakutaka daktari, hakutaka mtu ajue, maana kiongozi asiyeona njia anaombwa akae nyumbani, na yeye nyumbani angekufa. Basi Sunna ndiye aliyeendesha, baba amekaa nyuma. Wakikaribia watu, wanasimama nyuma ya kilima, wanabadilishana, mzee anamalizia zile mita mia mbili kwa kufuata sauti za mbwa na kuwasili akiwa ameshika usukani mwenyewe. Shokapu za zamani hazikuweza watu wawili, kila shimo liligonga chuma na mgongo wa baba ukaumia. Ndiyo maana Sunna akapeleka pikipiki kwa Heaika, akaijaribu yeye, ikakazwa kwa kusimama kwake yeye. Heaika hakuuliza kitu. Alishamwona mzee siku moja akimpigia mluzi mbwa aliyekuwa miguuni pake.

Siku ya ajali waligonga tuta la barafu kandokando ya mto, wote wawili wakarushwa. Sunna alipotaka kupiga simu, baba, akiwa chini na nyonga imevunjika, alimwamuru kwanza aondoke. Alitembea kilomita sita na bega lililoteguka, ndipo akapiga simu ya msaada akiwa nyumbani.

"Tia sahihi maneno hayo," Ravdna akasema.

"Sitii. Akisema yeye nitatia."

Ravdna alitaka kusema neno baya sana. Badala yake akashukuru kwa kahawa.

Ilikuwa saa nane na robo alipoingia chumba cha mzee zahanati. Issát Gaino alikuwa amelala chali, mrefu kuliko kitanda, uso umegeukia mwanga wa dirisha. Hakugeuka.

"Binti wa Máhtte," akasema. "Nimezijua hatua. Unakanyaga kama baba yako alipokuwa na hasira."

"Nina hasira, mzee Issát."

"Umekuja na karatasi."

"Nimekuja na karatasi. Shokapu zilikazwa kwa mtu anayesimama kushoto. Wewe husimami kushoto. Ulikuwa umekaa nyuma."

 Mahali fulani koridoni mtu alikuwa anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu.

"Sunna amesema?"

"Springi zimesema. Sunna amegoma kutia sahihi."

"Na Heaika?"

"Heaika hajasema kitu. Siku tatu. Saa tisa anapelekwa mjini kwa kosa la kutaka kukuua, na anakwenda mdomo umefungwa. Anajua kuhusu macho yako, alijua kabla ya mkutano. Ndiyo maana alikwambia usiongoze, na ndiyo maana hakusema kwa nini."

Mkono wa mzee ukasogea juu ya shuka, ukashika ukingo wa kitanda.

"Barafu ikoje?" akauliza.

Hapo Ravdna uvumilivu ukamwisha. Akasema amechoka nao wote, familia nzima, ng'ambo zote mbili za mto. Kila mmoja ananyamaza kwa kumheshimu mwenzake, na heshima hiyo inampeleka kijana jela na wanyama majini, na yeye ndiye anayezunguka asubuhi hadi mchana akinyweshwa kahawa. Alisema barafu ina siku tatu. Alisema kama mzee anataka kubaki kiongozi mpaka kesho, abaki, lakini hakutakuwa na cha kuongoza. Alipomaliza aliona aibu kumsemea hivyo mtu aliyempakata utotoni, ila hakuyarudisha maneno.

Mzee akauachia ukingo wa kitanda. 

"Wataambiana kijiji kizima," akasema.

"Ndiyo. Wataambiana."

"Kwamba nilibebwa."

"Ndiyo."

"Andika basi. Aliyeendesha ni Sunna. Mimi nilikuwa abiria. Kazi ya Heaika haikuwa na kasoro."

Akaandika, akamsomea mara mbili, akampa kalamu. Mzee akaiweka juu ya karatasi, mbali kabisa na mstari, karibu na pembe. Akangoja. Ravdna akaushika mkono wake, akausogeza mpaka ncha ya kalamu ikagusa mahali pake, akauachia. Issát akatia sahihi.

"Mwambie avushe na wangu," akasema. "Mbele atangulie yeye."

"Nitamwambia."

"Njoo karibu."

Akainama. Mzee akamtajia sikioni idadi ya kulungu wake. Jambo hilo huku haliulizwi na halitajwi, wala marehemu mkewe hakuwahi kuambiwa. Akamtajia tena polepole asije akakosea, ili Heaika akifika ng'ambo ajue kama wote wamepita.

Ravdna hakuiandika popote. Saa tisa kasorobo, Kvamme akiwa ameshasomewa maneno ya mzee kwa simu, alifungua mlango wa mahabusu, akamwekea Heaika viatu vyake miguuni, akampa ujumbe wa mjomba wake na kumnong'oneza ile idadi. Heaika alikuwa ameshainuka. Akakaa tena kitandani, akatazama sakafu kwa muda, kisha akaanza kufunga kamba za viatu.